Tahadhari: Anayewafungulia Wanafunzi Akaunti za Ajira kwa Malipo

Ndugu wanafunzi wa mwaka wa mwisho,

Yupo mtu anayezunguka katika makundi ya WhatsApp ya vyuo vya Dar es Salaam akijitambulisha kuwa wakala wa ajira, akiuza "kifurushi" chenye wasifu, barua ya maombi, mhuri wa wakili kwenye nakala za vyeti, na akaunti katika mfumo wa maombi wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Wasifu wake ni ule ule kwa kila mteja, hubadilishwa jina na kozi tu, lakini hilo ndilo dogo katika yote.

Balaa lipo kwenye akaunti. Yeye huomba namba yako ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) na vyeti, kisha huifungua kwa barua pepe yake na nywila anayoijua yeye peke yake. Mwenzetu mmoja alipotaka kurekebisha taarifa zake alidaiwa kwanza "ada ya kuhuisha". Alipokataa, jumbe zake hazikujibiwa tena, na muda wa kuomba nafasi aliyokuwa na sifa zake ukaisha akiwa hana njia ya kuingia. Kujisajili katika mfumo huo ni bure, na yeyote mwenye simu yenye intaneti anaweza kujisajili mwenyewe.

Kuhusu mhuri, matangazo ya Sekretarieti hutaka nakala zilizothibitishwa na wakili au mwanasheria, yaani mtu aliyezilinganisha na vyeti halisi. Huyu hupokea picha kwa simu na kuzirudisha zimegongwa mhuri siku hiyo hiyo. (Ni wakili gani huyo asiyehitaji kukiona cheti?) Ikibainika kuwa mhuri umeghushiwa, wa kwanza kuhojiwa ni mwombaji aliyewasilisha nakala hizo. Tena huwaahidi wasiopata vyeti vyao kwamba matokeo ya muda "yatapita" wakiongeza fedha kidogo, ilhali matangazo hayo husema bayana kwamba hayakubaliki. Majina ya walioitwa kwenye usaili yakitoka, hurudi tena akidai malipo ya "kushika nafasi", malipo ambayo Sekretarieti haimtozi mtu.

Kama umeshampa taarifa zako, badilisha nywila iwapo bado unaweza kuingia. Kama barua pepe si yako, wasiliana na Sekretarieti kwa anwani zilizomo kwenye tovuti yake, si kwa namba utakayopewa na yeye. Piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, kwa kuwa namba ya NIDA ameshaipata. Ujumbe wake utume kwenda 15040, namba ya kuripoti jumbe za utapeli, na risiti za miamala zihifadhi kwa ajili ya polisi. Anayehitaji msaada wa kuandaa wasifu au usaili aende TaESA, huduma ya ajira ya serikali, au aombe mhadhiri wake ausome.