Karate ya asili, ngumi, judo au muay thai: tazama kinachofuata baada ya pigo la kwanza

Ujumbe ninaotumiwa kuhusu karate unafanana sana. Mtu amelipa ada kwa miaka, kiunoni ana mkanda wa kahawia, kisha siku moja rafiki anamwalika kwenye sparingi (pambano la mazoezi) ya ngumi, na kabla raundi haijaisha ameshachanganyikiwa. Msomaji mmoja alinisimulia yake vizuri. Ngumi yake ya kwanza ilifika, tena safi, katikati ya uso wa mwenzake. Akarudi hatua moja, akashusha mikono, akasimama wima kama alivyozoeshwa. Mwenzake hakuona kwamba kuna jambo limekwisha. Akamjibu kwa ngumi tatu za mfululizo. Msomaji akaniandikia: "Dada, hela yote niliyolipa ilikuwa ya nini?"

Wengine wengi wako mlangoni, hawajajiandikisha, wanauliza kama karate ya asili bado inafaa kulipiwa wakati kuna ngumi, judo, muay thai na jiu-jitsu ya Brazili. Inafaa. Ila si kila karate, na tofauti haiko pale wauzaji wanapokuonyesha.

Usafi wa ukumbi, ratiba, umbali wa kutoka kwako, ukarimu wa mwalimu: hayo utayaona mwenyewe kwa macho yako. Mimi napima kitu kimoja ambacho karibu hakuna anayekiuliza siku ya kujiandikisha.

Kasoro yenyewe

Kaa pembeni ya mkeka utazame kumite, yaani pambano la karate, ya pointi. Wawili wanarukaruka, mmoja anachomoka, ngumi inagusa, mwamuzi anapaza sauti "yame!" (simameni!) na wote wawili wanarudi kwenye alama zao. Kwa kanuni za shirikisho la dunia, WKF, ngumi ni pointi 1, teke la mwilini 2, teke la kichwani 3, na pointi ikishatolewa mnaanza upya. Rudia hivyo kila wiki kwa miaka, mwili unajifunza mambo mawili kwa mpigo: kupiga haraka, na kuacha kupigana mara tu unapopiga. La kwanza ni hazina. La pili ni ugonjwa, na hakuna aliyekuambia kwamba umo ndani ya ada yako.

Sekunde ile moja baada ya pigo kufika ndiyo ninayoikodolea macho popote ninapoingia. Mikono iko wapi? Kidevu kiko wapi? Miguu bado iko tayari, au mtu ameshageuka ubavu akimtazama mwamuzi amwinulie bendera? Kwenye dojo (kumbi za karate) nyingi mwanafunzi hodari kuliko wote ndiye anayegeuka haraka kuliko wote, kwa sababu ndiye mwenye uhakika zaidi kwamba amepata pointi.

Tatizo hili halikuletwa na uvivu. Karate ya Okinawa, visiwa vya Japani ilikotoka, ilikuwa na kushika, kuvuta, kupindua viungo na kuangusha. Kata za zamani, yaani mifuatano ya mbinu iliyopangwa, zimejaa mikono inayokamata. Mwanzoni mwa karne ya 20 Anko Itosu, mwalimu wa Okinawa, aliiingiza mashuleni, ikabidi igeuzwe kuwa mazoezi ya kundi zima la watoto kwa pamoja. Gichin Funakoshi, mwasisi wa mtindo wa Shotokan, akaionyesha Tokyo mwaka 1922, naye hakulipenda wazo la mashindano. Alifariki Aprili 1957, na mwaka huohuo Japan Karate Association ikafanya mashindano yake ya kwanza ya taifa. Ili watu wasivunjane nyuso kwa ngumi tupu, ngumi ikawa inasimamishwa karibu na ngozi, na ikakubaliwa kwamba pigo moja safi linamaliza pambano. Ulingoni makubaliano hayo yana busara yake. Lakini mtu wa nje hakuyatia sahihi.

Kuna matukio mawili ninayowapa watu wanaodhani nakuza mambo. Agosti 2021, fainali ya Olimpiki ya Tokyo, wanaume wa zaidi ya kilo 75: Tareg Hamedi wa Saudi Arabia anaongoza 4 kwa 1, anamtandika Sajad Ganjzadeh wa Iran teke la juu, Ganjzadeh anazimia na kutolewa kwa machela. Hamedi akaondolewa kwa kupiga kwa nguvu kupita kiasi, na dhahabu ikaenda kwa aliyezimia. Waamuzi walifuata kanuni, sina ugomvi nao. Sasa weka kando yake mashindano ya dunia ya Kyokushin, mtindo wa karate wa kupigana kwa nguvu zote, ya mwaka 1991. Andy Hug wa Uswisi analegeza ulinzi pale ishara ya kusimama inapotolewa, huku teke la Francisco Filho wa Brazili likiwa njiani. Linamkuta kichwani, anaanguka. Masutatsu Oyama, mwasisi mwenyewe wa Kyokushin, akaamua teke lihesabiwe. Zote mbili ni karate. Moja inakuzoesha kwamba ishara inakulinda, nyingine inakuzoesha kutoitegemea. Ukilipa ada umeshachagua mojawapo, hata kama hukuelezwa.

1. Kyokushin

Hii ndiyo ninayoipenda na sifichi. Oyama alipitia Shotokan kwa Funakoshi, na mtindo mwingine wa Goju-ryu, kisha akaanzisha shirika lake mwaka 1964. Katika mapambano yake unapiga ngumi tupu mwilini, unapiga mateke mapajani na kichwani kwa nguvu zote, na hakuna kurudishwa kwenye alama kwa sababu tu umegusa. Mpinzani akianguka kwa pigo halali akabaki chini zaidi ya sekunde 3, umeshinda. Asipoanguka, mnaendelea. Mwanafunzi wa Kyokushin akipiga anajua jibu linakuja, kwa hiyo likija halimshangazi. Anakuwa ameshasogea, au ameshakaza tumbo, au ameshapiga la pili.

Na bado ni karate kamili. Kata zipo, kihon (mazoezi ya mbinu za msingi) ipo, kata ya Sanchin utaifanya mpaka mapaja yatetemeke, adabu ya dojo haikupunguzwa. Mtu aliyevutwa na karate tangu utotoni halazimiki kuiacha ili ajifunze kupigana, na hilo kwangu lina uzito mkubwa.

Ina tundu, tena kubwa: ngumi ya usoni hairuhusiwi. Matokeo yake watu wanasimama kifua kwa kifua, kidevu kikiwa wazi, wakitwangana mbavu. Ukitoka hapo ukakutana na bondia, atakupiga mahali ambapo hujawahi kupigwa. Kwa hiyo usijiandikishe kabla hujauliza kama kuna kipindi cha glavu. Penye glavu, tundu linazibika: Andy Hug huyohuyo alikwenda K-1, mashindano ya ngumi na mateke kwa glavu, na kutwaa Grand Prix ya mwaka 1996, na Georges St-Pierre, aliyekuja kuwa bingwa wa UFC (mashindano ya mapigano mchanganyiko), alianzia Kyokushin akiwa mtoto.

Neno lingine kuhusu chapa hii. Oyama alifariki mwaka 1994 na shirika likagawanyika vipandevipande, kila kimoja kikidai urithi. Herufi za Kijapani zilizoshonwa kifuani hazikuhakikishii chochote. Nenda siku ya kumite, si siku ya kata, uone kwa macho.

2. Ngumi

Kwa kipimo changu peke yake, ngumi ingekaa juu. Hakuna mchezo unaofundisha sekunde ya pili, ile inayofuata pigo, vizuri kuliko huu: unapiga, kichwa kinatoka kwenye mstari, mguu unazunguka, unapiga tena. Kocha wa ngumi hata kwenye pedi hakuachii. Ukimaliza mfululizo wako anakurushia pedi usoni kuona kama mkono umerudi shavuni. Ndani ya miezi michache mtu wa kawaida anakuwa na ulinzi ambao wenye mikanda ya rangi hawana.

Nimeiweka ya pili kwa sababu ya kichwa. Mapigo ya kichwa yanajumlishika, hata yale ya mazoezi ambayo hayakuangushi, na kwa mtu anayetaka kufanya mazoezi hadi uzeeni hilo si jambo dogo. Uliza klabu inafanya sparingi nzito mara ngapi na nani anaisimamisha. Ukiona wanaoanza wanatupwa ulingoni wiki ya kwanza ili watu watazame, ondoka.

3. Judo

Jigoro Kano alianzisha Kodokan mwaka 1882 na akaifanya randori, yaani kushindana kwa uhuru na mtu asiyetaka kuangushwa, kuwa nguzo ya mafunzo. Ni kweli kwenye mashindano mtupo mmoja safi unamaliza pambano, kwa hiyo kasoro niliyoieleza ipo hapa pia. Lakini mazoezini mnainuka na kushikana tena papo hapo, au mnaendelea chini, mara nyingi kuliko unavyoweza kuhesabu. Na judo itakufundisha kuanguka bila kuvunjika, jambo litakalokufaa hata kama hutapigana na mtu maisha yako yote. Tangu mwaka 2010 kanuni za kimataifa zimebana kushika miguu kwa mikono, ambalo naliona pengo, ila si la kukufanya uende kwingine.

4. Muay thai na jiu-jitsu ya Brazili

Zote nzuri, na waliozipenda wana haki. Muay thai ina mapambano ya kushikana shingo ambapo magoti na viwiko vinaendelea baada ya ngumi kuisha kazi. Jiu-jitsu, mieleka ya chini yenye kukaba na kupinda viungo, ilijitangaza Novemba 1993 pale Royce Gracie aliposhinda UFC ya kwanza mjini Denver, na tangu hapo hakuna haja ya kuitetea. Neno langu moja kwa wanunuzi wa jiu-jitsu: klabu nyingi mazoezi ya kushindana yanaanza mkiwa mmepiga magoti. Dai kusimama.

5. Karate nyingine za asili: Goju-ryu, Wado-ryu, Shito-ryu, Shotokan

Hapa ndipo wengi wenu mtakapojikuta, maana ndizo zinazopatikana kwa wingi. Msikate tamaa.

Goju-ryu ya Chojun Miyagi ina zoezi linaloitwa kakie: mnagusana mikono mbele ya viwiko, mnasukumana na kuvutana bila kuachana, na ghafla mmoja anakamata au anapiga. Pigo la kwanza linatokea mkiwa tayari mmegusana, kwa hiyo la pili haliepukiki. Dojo ya Goju inayofanya kakie kwa bidii naipendekeza bila kusita. Inayofundisha kata tupu, hapana. Wado-ryu, ambayo mwasisi wake Hironori Otsuka alitoka kwenye jujutsu, inajali sana kuukwepesha mwili wakati uleule wa kupiga, na hilo nalo linasaidia.

Shotokan ndiyo yenye wafuasi wengi na ndiyo iliyojaa zaidi ugonjwa nilioueleza. Kila ninapoandika hivi naletewa jina la Lyoto Machida, bingwa wa UFC mwaka 2009, mtoto wa mwalimu wa Shotokan. Ndiyo, na hukumwona akigusa kisha akasimama. Tena alikuwa amefanya sumo na jiu-jitsu tangu ujana. Anachothibitisha ni kwamba karate inauza kitu ambacho bondia na mpiganaji wa muay thai wanakipata kwa shida: kukaa nje ya umbali, kisha kuingia na kutoka kwa hatua moja. Hicho ndicho cha kununua Shotokan.

Namna ya kuijaribu dojo yoyote ya kundi hili: tazama mkono usiopiga. Kwenye kihon, ngumi moja ikienda mbele nyingine inavutwa nyongani. Mwulize mwalimu ule mkono unavuta nini. Anayejua ataita mwanafunzi, atamshika kifundo cha mkono au mkono wa gi (vazi la karate), atamvuta huku akimpiga, na hatamwachia mpaka amemwangusha au amemzungusha. Umeona sekunde ya pili hiyo. Asiyejua atakuambia ni kwa ajili ya nguvu, na mkono wake utabaki nyongani ukiwa mtupu, uso wake ukiwa wazi.

Kuhusu wauzaji

Kinachoniudhi si ada ya mwezi. Mwalimu anakula kwa jasho lake. Kinachoniudhi ni yale yanayokuja baadaye bila kutajwa siku ya kwanza: mtihani wa mkanda, cheti cha mtihani, usajili wa chama, beji, gi ambayo lazima inunuliwe palepale, kisha mtihani mwingine. Funakoshi alianza kutoa dan, yaani daraja za mkanda mweusi, mwaka 1924, kwa watu aliowajua kwa karibu. Leo kuna mikataba inayoahidi mkanda mweusi kwa tarehe. Mtoto wa miaka tisa anavishwa mkanda huo, mzazi anapiga picha, na mtoto hajawahi hata mara moja kupigwa akaendelea. Anapelekwa duniani akiamini ana ulinzi. Mimi hilo nalihesabu kuwa hatari, na wanaolifanya wanajua wanachofanya.

Kundi jingine ni walimu wasiofanya kumite kabisa kwa madai kwamba mbinu zao ni za kuua. Kano aliliona tatizo hilo tangu mwanzo: akaziondoa kwenye randori mbinu zisizoweza kufanywa kwa nguvu zote, na zilizobaki zikafanywa kwa nguvu zote. Mwalimu mwenye mbinu za kuua peke yake hana cha kukufanyisha mazoezi.

Kwa hiyo omba orodha ya malipo yote kwa maandishi, mpaka mkanda mweusi. Omba pia kutazama kumite ya wanafunzi wa kati, si ya mabingwa wa dojo, kwa saa nzima. Ukikataliwa lolote kati ya hayo mawili, weka hela yako mfukoni.

Programu za simu na video za bure zinafaa kukumbusha mpangilio wa kata uliyokwisha kufundishwa. Semina za siku moja za kujihami, ruka. Kinga ya meno nunua ile ya kuchemsha na kuumba kwa meno yako, hata kama dojo inasema haihitajiki.