Fundi aliyeng'arisha Mauser yangu: nyota moja, labda mbili

Nilimwambia neno moja tu: ufa. Ziba ufa, usiguse kingine. Nilimwonyesha kwa kidole, hapa kwenye shingo ya kitako cha bunduki yangu kongwe ya Kijerumani, mbao ilipopasuka njiani kwa sababu muuzaji aliifunga kwa magazeti kama mtu anayetuma samaki. Fundi akaitikia kwa kichwa, akaandika, akanipa nakala. Nakala ninayo mpaka leo, na imeandikwa ufa.

Wiki kadhaa baadaye akanipigia simu kwa sauti ya mtu mwenye habari njema: njoo, utafurahi. Nikaenda. Akaitoa nyuma ya kaunta, akaifunua taulo taratibu kama anayefunua shela la biharusi. Nikaona kitu cheusi tii, kinang'aa mpaka taa ya dari inaonekana kwenye mtutu. Nikamuuliza, hii ni ya nani?

Ilikuwa yangu.

Sasa nyinyi msiojua ugonjwa huu wa kukusanya bunduki kongwe mtasema nalalamikia nini, si imepata sura? Subirini. Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga, ingawa miaka hii niko Ohio. Tumelelewa na hadithi ya Novemba 1914, Waingereza waliposhuka Ras Kazone na jeshi lao la kutoka India, na nyuki wakaingilia ugomvi usiowahusu. Kila mtu anakumbuka nyuki. Bunduki hazikumbukwi. Askari wetu wengi waliokuwa upande wa Mjerumani walipigana siku zile na Mauser ya muundo wa 1871, ya risasi moja moja, ya baruti nyeusi. Ukifyatua, wingu la moshi linakusimamia juu ya kichwa, na adui mwenye bunduki ya kisasa hana haja ya kukutafuta. Muundo una umri wa miaka 43 na bado ndio waliokabidhiwa wao. Walipomtimua Mwingereza waliokota bunduki zake kwa mamia, na hapo ndipo baadhi ya kombania zikaagana na moshi.

Kwa hiyo nikaitaka moja. Walizobeba wengi wao zilikuwa zile fupi za muundo huohuo, ziitwazo Jägerbüchse, na hizo nawaachia wenye fedha. Yangu ni kaka yake mrefu, ya askari wa miguu, na sijawahi kudai kwamba iliona Tanga. (Mjomba wangu bado haamini kwamba Marekani bunduki iliyotengenezwa 1898 au kabla yake sheria ya serikali kuu inaihesabu kuwa kitu cha kale, na kwamba hii ililetwa mlangoni kwangu kama jozi ya viatu. Anasema nimeanza uongo wa ughaibuni.)

Ila yangu ilikuwa na namba. Kiwandani Wajerumani waligonga tarakimu mbili za mwisho za namba ya bunduki kwenye vipande vidogo vidogo: komeo la kufungia risasi, pete za mtutu, hata vichwa vya skrubu. Ukizingatia miaka yote hii ya mafundi, vita na maghala, nyingi zilizobaki ni mchanganyiko, komeo la hii na pete ya ile. Yangu ilikuwa bado na viungo vyake vya kuzaliwa. Jioni nilikuwa naizimia taa kubwa, nawasha tochi kwa ubavu, zinaibuka: tarakimu, vitaji vya wakaguzi, yaani mihuri yao yenye umbo la taji, vidogo kuliko punje ya mchele, na ubavuni kushoto jina la muundo wake, I.G.Mod.71, kwa zile herufi za Kijerumani cha zamani.

Huyu bwana kavipitisha kwenye gurudumu la kung'arishia. Vitaji vimekwenda. Herufi za ubavuni zimebaki kama jina lililoandikwa kwenye mchanga, wimbi likapita. Mbao kaipiga msasa kisha vanishi, na mhuri uliokuwa kwenye kitako umeishia kwenye vumbi la karakana yake. Hata komeo, ambalo kiwandani lilitoka jeupe, kalipaka weusi!

Nikamwambia, umefuta namba.

"Kutu ilikuwa imeshaingia, rafiki. Nimekusafishia bure."

Bure! Nikamweleza kwamba haikuwa kutu, ni rangi ya uzee, ndiyo niliyoilipia. Akanitazama kama mtu aliyekaribishwa chakula akakisusia. Akasema bunduki chafu haina mnunuzi. Nikamwambia siuzi. Basi akanigeuzia mgongo, nikiwa katikati ya sentensi, akaanza kuchekeshana na mteja mwingine habari za uvuvi. Kuharibiwa kitu naweza kumeza, fundi ni binadamu. Ule mgongo ndio ulionikalisha hapa kuandika. Nyota moja, na hiyo ni kwa sababu sifuri hairuhusiwi.

Nikampigia mjomba kwa video nipate wa kulia naye. Shikamoo, marahaba, nikamwonyesha. Akasogeza miwani. "Mbona imependeza, mwanangu? Ile ya kwanza ilikuwa kama ya mganga." Nikakata simu nikisingizia mtandao.

Na sasa niseme kweli, maana nimejilazimisha. Ule ufa siuoni. Nimepitisha ukucha, nimepitisha tochi, nimeikunja mbao kwa nguvu kiasi cha kujiogopesha. Haulii, haufunguki, mshono hauonekani. Mafundi wawili kabla yake waliniambia kitako hicho kimekufa. Kwa kuunga mbao huyu bwana ana mkono ambao sijauona kwa mwingine. Haya, nyota mbili. Halafu nakumbuka mgongo wake, nairudisha moja.

Majuzi nikafungua skrubu za bamba la chuma la kitako, sijui nilikuwa natafuta nini. Chini yake mbao ilikuwa ya rangi yake ileile ya zamani, kavu, ina harufu ya kabati la bibi, na tarakimu zangu mbili zimekaa. Hakufika huko. Huenda aliheshimu, huenda alikuwa anawahi samaki wake. Nimelirudisha bamba bila kupaka hata mafuta.

Tatizo ni kwamba nina Martini-Henry, bunduki kongwe ya Kiingereza, yenye ufa kwenye mbao ya mbele, na unazidi kurefuka. Leo asubuhi nimepita kwa gari mbele ya duka lake. Alikuwa amefungua. Sikusimama, ila nilipunguza mwendo.