Samyang milimita 14 f/2.8: ijaribu Mtera kabla ya kuipeleka Tromsø

Lenzi hii pana ya kamera, toleo la kufokasi kwa mkono, haina fokasi otomatiki, na kwa kazi ya usiku hiyo si kasoro. Gizani otomatiki huhangaika mbele na nyuma bila kushika kitu. Kinachosumbua ni alama ya mwisho wa umbali iliyochorwa kwenye pete: mara nyingi si ya kweli, na pete yenyewe huzunguka kupita hapo. Ukiiamini, utarudi kutoka Tromsø, kaskazini mwa Norway, na picha za aurora (mianga ya rangi angani usiku) zenye nyota zilizovimba.

Washa skrini ya kamera, lenga nyota angavu, ikuze mara 10, zungusha pete polepole mpaka nyota iwe kinukta kidogo kabisa, kisha ibane kwa selotepu. Dodoma zoezi hili ni rahisi Juni hadi Agosti: anga kavu, na nyota Rijili Kantori inang'aa kusini. Nenda barabara ya Iringa kuelekea Mtera badala ya ile ya Kondoa, ili mwanga wa mji ubaki mgongoni unapolenga kitovu cha Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota angani. Ila selotepu hiyo ing'oe ukifika Tromsø. Baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri husinyaza chuma na vioo, fokasi ikasogea. Acha lenzi nje nusu saa, ndipo ufokasi upya kwa nyota ya Vega au Capella. Rijili Kantori kule haichomozi kamwe.

Anza na f/2.8 (tundu la lenzi wazi kabisa), ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 1600, faili ghafi za RAW, mizani ya rangi Kelvini 3500 hadi 4000. Aurora ikitulia, shata (muda wa kupokea mwanga) sekunde 10 hadi 15. Ikianza kucheza, shuka sekunde 2 hadi 5 na upandishe ISO hadi 3200, la sivyo mikunjo yake yote hugeuka ukungu wa kijani. Njia Nyeupe huvumilia sekunde 20. Mazoea hayo yaache Mtera.

Kioo cha mbele kimebinuka, hakipokei filta ya kawaida. Kwa vumbi letu la kiangazi huo ni usumbufu: beba pampu ya kupulizia, usifute kwa shati. Kaskazini kukosa filta ni nafuu. Kijani cha aurora hutoka kwenye oksijeni kwa urefu wa wimbi mmoja, takriban nanomita 558, na filta bapa huweza kuchora miduara katikati ya picha ambayo kuifuta ni kazi ya siku nzima.

Kasoro halisi ni upeo wa macho. Ukiuweka chini ya fremu hupinda kama wimbi, na kuunyoosha kwa mkono ni taabu. Tumia wasifu wa lenzi (marekebisho yaliyoandaliwa tayari) kwenye programu ya kuhariri. Pembe nazo huwa na giza kwenye f/2.8. Vumilia, usifunge hadi f/4, maana utapoteza nusu ya mwanga.

Toleo lisilo na chipu ya kuwasiliana na kamera likifungwa kwenye Sony, ruhusu kwanza kwenye menyu kamera ipige bila lenzi, vinginevyo kitufe hakijibu.

Unayenunua iliyokwisha kutumika, usilipe mchana. Funga kamera kwenye stendi, piga anga kwa f/2.8 na ukuze pembe zote nne. Nyota zikivutika kidogo kila pembe, ndivyo ilivyo. Zikivutika upande mmoja tu, vioo vimehama, mrudishie mwenyewe.