Kujenga na kuendesha mtandao wa simu: mafundi wako au mkandarasi?

Kwenye ujenzi sina ubishi: mpe mkandarasi. Kuchimba mitaro, kusimamisha minara na kuvuta faiba ni kazi za msimu. Ukiajiri kikosi kizima, mradi ukiisha utawalipa wakae.

Uendeshaji ni habari nyingine. Mwaka 2004 Bharti Airtel ya India iliikabidhi Ericsson, kampuni ya Sweden ya mitambo ya simu, usimamizi wa mtandao wake, ikalipia uwezo unaotumika badala ya kulundika mitambo. Sprint ya Marekani ilifuata mwaka 2009, na wafanyakazi wapatao 6,000 wakahamia Ericsson. Hapo ndipo penye mtego: ujuzi huondoka na watu. Mkataba hudai mnara uliozimika urudi hewani ndani ya saa kadhaa, basi fundi wa nje atawasha jenereta aondoke, betri iliyochoka aiache ilivyo. Fundi wako anajua atakayeamshwa tena usiku ni yeye. (Mkandarasi naye akitoa kazi kwa mwingine, lawama hupigwa danadana.)

Ningebaki na usanifu, chumba cha uangalizi na ukaguzi. Kiungio kibovu cha faiba hakionekani kwa macho. Usipokipima mwenyewe kabla ya kusaini kuipokea kazi, umeshakilipia.