Avoka ya makesi ya maternite hapa L'shi (Lubumbashi): natoa nyota 4 kwa 5

Jina ya kabine siandike juu dosie yetu ingali mu tribinali. Ni kabine ndogo mu sentre-ville, baavoka batatu, na mwenye kushika haya makesi ya kuzaa ni mama moja. Naandika juu batu mingi ya kwetu banarudiaka ku nyumba na mutoto mwenye kuumizwa, banalia, banaomba, na hakuna mwenye kubaambia kama sheria iko na neno juu ya ile.

Mutoto ya mudogo yangu alizaliwa na kilo 4,6. Kichwa ikatoka, mabega ikakwama, na tangu ile siku mukono ya kuume iko imelala tu. Ku maternite batuambia ni mapenzi ya Mungu, tuvumilie. Tulifika ku kabine na hasira, tunataka tu infirmie afungwe.

Mama avoka alituacha tuseme yote kwanza kisha akatuambia bila kuficha: mukono kulegea haitoshi kuonyesha kosa. Sheria haimulazimishe dokta ao infirmie kuponesha, inamulazimisha kufanya byote mutu ya kazi yake mwenye uangalifu angefanya, na bega ya mutoto inaweza kuumia hata kama bote balifanya muzuri. Mwengine angekula feza yetu na kutuahidi nyumba. Huyu alianza na kutupunguzia tumaini, na mimi njo hapo nilimuamini.

Halafu maulizo yake sasa! Nani alisukuma tumbo, na alisukuma fasi gani? Akatueleza kama mabega ikikwama banafundishwaka kukunja mapaja ya mama mupaka karibu ya tumbo, na mutu mwengine anafinya chini, pale juu ya mufupa ya kinena. Kusukuma kule juu ya tumbo inakaza bega zaidi, na kichwa haivutwe kwa nguvu. Mudogo yangu akanyamaza kidogo kisha akasema moja alipanda juu ya kitanda akasukuma na mikono mibili huku juu, na mwengine anavuta. Avoka akaandika kila neno, nani alikuwa wapi, nani alisema nini, hata mama ya kitanda ya pembeni mwenye aliona.

Kisha makaratasi. Fishi ya CPN, ile ya kupimwa wakati ya mimba, juu ya kuona kama balipima sukari na kama balijua mutoto iko munene. Partogramu, ile karatasi fasi banaandikaka njia inafunguka namna gani, uchungu, na moyo ya mutoto inapiga mara ngapi, ya kawaida ni 110 mupaka 160 kwa dakika. Kama iko na mapengo, ao imejazwa yote mara moja na kalamu moja, ile nayo ni ushahidi. Sisi tulikuwa tunaomba dosie kwa mudomo banatuzungusha tu, kabine ikaandika barua moja na maternite ikatoa kopi. Kwa hii kazi peke yake feza yao ilistahili.

Sheria yenyewe alitueleza polepole. Ku Kode sivile ya Kongo, kitabu ya tatu, artikle 258 inasema mwenye kuletea mwengine hasara kwa kosa yake analipa, 259 inaingiza uzembe na kukosa uangalifu, na 260 inasema mwenye kutumikisha batu anajibu juu yabo. Kwa hiyo maternite yenyewe inaweza kulipa, haiko infirmie peke yake, mwenye pengine hata mushahara hajapata. Ku Kode penale iko 53 kama mutu alikufa kwa uzembe, miezi 3 mupaka miaka 2 ya gereza, na 54 kama aliumia tu, siku 8 mupaka mwaka 1.

Sasa musikilize hapa muzuri: juu ile ya kuumia haipite mwaka 1 ya gereza, mashitaka yake inakufa kisha mwaka 1. Moja! Ya kifo iko na miaka 3. Kesi ya sivile ya kulipwa iko na muda murefu sana kupita ile, lakini fishi zinapotea, bashahidi banahama. Mutoto yetu alikuwa tayari anaanza kuikala peke yake wakati tulifika pale, na ile ya mwaka moja balituambia ku rande-vu ya pili. Hapana, ile ingekuwa neno ya kwanza ku mulango. Njo nyota yenye nimeondoa.

Ingine sikupenda: barua zote kwa Kifaransa, na ile kijana avoka mwenye kusaidia kila mara anaongea na bwana, anaangalia bwana, na mwenye alizaa amekaa pale pembeni. Tulimuambia, akabadilika kidogo.

Bei: bilikuwa dola, tulilipa kwa vipande na kila mara banatoa resi. Balituambia mapema ekspe, ni kusema dokta mwenye kuelezea tribinali kama kazi ilifanywa muzuri, analipwa pembeni, na kumupata haiko rahisi juu madokta hawapende kusema mubaya juu ya benzao. Kwenda ku Ordre, chama yenye kusimamia madokta, nako inawezekana, lakini kule banaazibu dokta mu kazi yake tu, haitakupa hata frangi ya kine, yale mazoezi ya kurudisha mukono. Mwenye hana kabisa, aulize ku Barro, chama ya baavoka, juu ya biro ya konsiltasio ya bule, sheria ya baavoka ya 1979 njo iliiweka.

Na ile kine, avoka alisema tusingojee juji hata kidogo. Batoto mingi ya namna hii mukono inarudia, lakini inafaa kuanza mapema na dokta aiangalie, kama mukono haijaanza kujikunja ku miezi 3 mutume mutoto kwa spesialiste. Resi ya kila kine, ya kila teksi ya kwenda kule, muchunge yote mu sashe moja, juu njo ile tribinali itahesabia. Mukienda pale muombe yule mama, na mama mwenye alizaa aikale kiti ya mbele.