Uzoefu wangu: taya kuvunjika na kufungwa waya

Taya langu la chini lilivunjika sehemu mbili kwenye ajali ya bodaboda. Zahanati niliyokimbizwa walinishona kidevu, wakanipa dawa za maumivu, wakaniruhusu niende nyumbani. Hakuna aliyeniambia niume meno, na hilo bado linaniuma.

Kwenye kitengo cha upasuaji wa kinywa na uso cha hospitali ya rufaa, hapa Dar es Salaam, daktari alianza na hilo hilo: "Uma taratibu. Meno yanakutana kama zamani?" Hayakukutana. Magego ya kushoto yaligusana kwanza, ya kulia yakabaki na mwanya. Akaminya mbele ya masikio yangu, kwa sababu kidevu kikipigwa, mfupa huweza kuvunjika hata huko juu. Picha ilithibitisha: ufa kidevuni, mwingine chini ya sikio la kushoto.

Nilipigwa nusu kaputi, nikawekewa pleti ya titani (kibati kidogo cha chuma cha kushikilia mfupa) kidevuni, na meno ya juu yakafungwa waya na ya chini. Waya peke yake kwa kawaida hukaa wiki 4 hadi 6. Mimi, kwa kuwa nilikuwa na pleti, walinifungua mapema wakanibadilishia raba za kushikanisha meno ya juu na ya chini, nikaanza mazoezi ya kupanua kinywa.

Manesi wa wodi ile nawapa maua yao. Sista mmoja alimkabidhi mke wangu mkasi wa kukatia waya: "Mama, huu usikae mbali naye. Akitapika na kushindwa kupumua, kata waya hizi hapa." Akamwonyesha moja moja. Akatufundisha kusaga mtori mpaka upite kwenye mrija, na kusukutua maji ya chumvi kila baada ya kula.

Jino langu la mbele lilibaki barabarani. Kumbe jino la ukubwani likishikwa upande wa kichwa, ule unaoonekana kinywani, bila kugusa mzizi, lisisuguliwe, likarudishwa kwenye tundu lake au likatiwa kwenye maziwa, ukawahi kwa daktari ndani ya saa moja, linaweza kushika tena. La mtoto, lile la utotoni, halirudishwi.

Mdomo wa chini bado una ganzi upande mmoja, ingawa ganzi inapungua. Meno yanakutana vizuri, na nyama natafuna. Foleni ya kliniki ni ndefu mno, na gharama ya pleti waulize kabla ya upasuaji, hata kama una bima.