Rolikeji ya bolti kwenye Impreza: chuma safi, dashibodi imeumia

Nimefungiwa rolikeji, yaani fremu ya mabomba ya chuma ya kuwalinda waliomo gari likibingirika, ya kufungwa kwa bolti na yenye miguu sita, kwenye Subaru Impreza yangu katika gereji moja ya Industrial Area, Nairobi. Kazi ni nzuri, ila usiende ukiwa na haraka.

Fundi hakutoboa tundu hata moja kabla ya kung'oa viti, kapeti na ile lami ya kuzuia kelele, kisha akakwangua rangi hadi chuma kikang'aa. Chini ya miguu ya mbele na ya upinde mkuu (ule wa nyuma ya viti vya mbele) amechomelea bamba la milimita 3, sentimita 120 za mraba kama kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinavyotaka, na bolti ni M8 (kipenyo milimita 8) za daraja la uimara 8.8. Ukiona mtu anaweka washa tupu (zile pete za chuma za chini ya bolti) badala ya bamba, chukua gari lako uondoke. Likibingirika, mguu utatoboa sakafu.

Dashibodi ndiyo imeniudhi: imekatwa pembeni kama imetafunwa na panya. Sponji ya kukinga kichwa nayo nikadaiwa pesa kando, na bila hiyo siendeshi, maana bomba liko karibu mno na sikio. Kiti cha nyuma sahau. Mama watoto ameshauliza shule wataendaje.